Kuwa Wewe Mwenyewe Ni Kazi ya Kujifunza

  

Ndugu msikilizaji, jioni hii hapa redioni nataka tuzungumze juu ya nasaha moja ambayo sisi vijana tunapewa kila mahali: "Kuwa wewe mwenyewe." Tunaisikia shuleni siku ya mahafali. Tunaisikia kwa wasanii wanapohojiwa. Tunaisoma kwenye fulana na nyuma ya bajaji. Anayeitoa anatutakia mema, na mimi siipingi. Ila kwa mtu wa umri wangu, miaka 26, aliyeanza kazi juzijuzi na bado anajipima kila siku kama anafaa pale alipo, nasaha hiyo huacha swali bila jibu. Huyo mwenyewe ninayeambiwa niwe, ni yupi?

Maana nikiwa kwa wazazi wangu mimi ni mtoto wa tatu, ninayetumwa dukani na kuitika "abee". Nikiwa kazini nazungumza taratibu na kuchagua maneno. Nikiwa na wenzangu, Kiswahili changu kinabadilika, kinakwenda mbio. Nikienda Tanga kwa bibi yangu, ambaye huniita mke mwenzake, nakuwa mcheshi kuliko nilivyo mahali pengine popote. Na kwenye simu, picha ninazoweka ni zile nilizotoka vizuri. Kijana anayejiuliza kwa dhati yeye ni nani anaweza kuzitazama hali zote hizi akafikia uamuzi mchungu: kwamba zote ni maigizo, kwamba yeye wa kweli amejificha mahali fulani ndani, na kwamba asipompata huyo, maisha yake yote yatakuwa ya uongo.

Nawafahamu wenzangu wanaoishi na wazo hilo. Wapo wanaosita kuomba kazi, wanaosita kuandika, wanaosita kuoa au kuolewa, wakingoja kwanza wajijue ndipo waanze. Miaka inakwenda, na kujijua kwenyewe hakuji, kwa sababu mtu aliyekaa akijitazama hapati jambo jipya la kuliona.

Ninachotaka kusema jioni hii, ndugu msikilizaji, ni hiki. Hakuna mtu aliyekamilika anayetungoja ndani yetu. Mtu hujengwa, kwa yale anayojifunza, kwa yale anayoyafanya kila siku, na kwa watu anaokubali wamfundishe. Kwa hiyo kuwa wewe mwenyewe ni kazi, tena kazi ya kujifunza. Na mashaka yanayotusumbua katika kazi hiyo hayafanani: yapo ya kuyasikiliza, na yapo ya kuyakataa.

Niwape mfano wa mtu ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina. Kiasi cha mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa binti Saad. Wazazi wake asili yao ilikuwa bara. Shule hakwenda, kusoma na kuandika hakujua. Kazi aliyoikuta nyumbani ilikuwa ufinyanzi, naye alijitwika vyungu kutoka Fumba mpaka mjini, akivinadi njiani kwa sauti ambayo watu waliitambua kabla hawajamwona mwenyewe.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarabu ya wakati ule, ile ya heshima, ilikuwa ya Kiarabu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayesimuliwa kuwa aliileta kutoka Misri kuburudisha jumba lake, na mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama chao cha Ikhwani Safaa. Wapigaji na waimbaji walikuwa wanaume. Katika mji huo akaingia mwanamke kutoka shamba, mfinyanzi, asiye na ukoo wa kutajwa. Akakutana na Ali Muhsin, mmoja wa wanamuziki wa Ikhwani Safaa, naye akakubali kumfundisha. Mwanamke huyo ndiye tunayemjua leo kwa jina la Siti binti Saad.

Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo simulizi nyingi za Siti hupita haraka. Tunapenda kusema kwamba alikuwa na kipaji, akaimba kwa lugha yake, akashinda. Lakini Siti hakuanza kwa kuimba yaliyo yake. Alianza kwa kujifunza yaliyo ya watu. Alizikariri nyimbo za Kiarabu kwa sikio, neno kwa neno, kwa kuwa hakuwa na daftari la kumsaidia. Alijifunza kutamka, kushika pumzi, kwenda sambamba na udi na fidla. Alijifunza kwa wapigaji aliofuatana nao, akina Mbaruku Talsam, Subeti bin Ambari, Buda Swedi na Maalim Shaaban Umbaye. Kama mtu angemwona wakati huo angeweza kumwambia: "Dada, hii si yako. Wewe ni mtu wa Fumba, kuwa wewe mwenyewe." Na kama angelisikiliza neno hilo, pengine angerudi kwenye vyungu vyake, nasi tusingelijua jina lake.

Akiisha kuupata ujuzi, akaugeuza. Akaimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wa mtaa wa Ng'ambo alikoishi, lugha ya wachukuzi, wavuvi, wapishi na wauza vitumbua. Akaimba habari za mahakama, za matajiri na wanyonge, za wanaume wanaowadhulumu wanawake. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, na namna aliyeua alivyotoroka huku wanawake wengine wakibaki kuadhibiwa. Mwaka 1928 yeye na wenzake wakavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na watu wa mwambao, wenye Kiswahili chao, wakasikia lugha yao ikitoka kwenye gramafoni.

Waliomcheka hawakukosekana. Walimtungia maneno juu ya sura yake, umaskini wake na asili yake. Siti akawajibu kwa wimbo, akiweka akili mbele ya sura na ukoo. Siti alipofariki mwaka 1950, mwandishi Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuonana naye na kumsikiliza, na wasifu aliouandika juu yake ni miongoni mwa vitabu vinavyonipa nguvu kila nivisomapo.

Sasa niwaulize, Siti wa kweli alikuwa yupi? Yule mwenye vyungu kichwani? Yule aliyekariri Kiarabu? Yule wa santuri za Bombay? Mimi naona swali lenyewe linapotosha. Sauti iliyonadi vyungu ndiyo iliyoimba. Mafunzo ya Kiarabu ndiyo yaliyoipa sauti hiyo nidhamu. Na Kiswahili cha watu wake ndicho kilichoipa jambo la kusema. Ukiondoa kimoja, Siti hayupo. Hakujipata kama mtu anayeokota kitu. Alijifanya kuwa Siti, kwa miaka, mbele ya walimu na mbele ya wanaomcheka.

Na yupo mwingine aliyejifunza kwake. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alizikuta nyimbo za Siti akiwa binti, akaziimba maisha yake yote hadi alipofariki mwezi Aprili 2013. Nyimbo zilikuwa za Siti, lakini sauti ile nzito yenye mikwaruzo, iliyochanganyika na ngoma za unyago, hakuna aliyeweza kudhani ni ya mwingine. Mwaka 2005 dunia ya muziki ilimpa tuzo ya WOMEX. Kwa hiyo Bi Kidude naye alipita njia ile ile: akapokea, akafanya mazoezi, mpaka alichokipokea kikawa chake.

Najua wapo wazee wanaonisikiliza ambao wameshaikumbuka methali: mwiga tembo hupasuka msamba. Na nyingine: mwacha asili ni mtumwa. Nazipenda methali hizi, na nimelelewa nazo. Lakini naomba tuzitumie kwa makini tunapozungumza na vijana. Anayepasuka msamba ni yule anayetaka ukubwa wa tembo bila kuwa na mwili wa tembo. Anataka matokeo, hataki safari. Huyo ndiye kijana anayekopa ili aonekane na simu ya bei kubwa, anayepiga picha pembeni ya gari la mtu na kuandika "Mungu ni mwema". Anayejifunza ni mwingine. Naye anaiga, lakini anaiga ili mkono wake uzoee kazi. Fundi seremala kijana anaiga randa ya mkuu wake. Mwanafunzi wa madrasa anaiga kisomo cha ustadhi wake. Mtangazaji mpya anaiga pumzi za mtangazaji wa zamani. Siku moja mkono unazoea, na hapo kila mmoja anaanza kufanya kwa namna yake bila hata kutangaza.

Na asili nayo, hatuiachi kwa kujifunza. Tunaiacha tunapoionea haya. Kijana akijifunza Kichina au Kifaransa hajaacha asili. Akianza kuwaficha wazazi wake kwa wenzake wa chuo kwa sababu baba anauza mkaa, hapo ndipo methali inamhusu.

Nije sasa kwenye mashaka, maana najua ndiyo yanayouma. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala juu ya jambo waliloliona kwa wanawake wasomi, wenye mafanikio ya kuonekana kabisa. Wanawake wale walisadiki kwamba hawastahili. Walidhani wamefaulu kwa bahati, au kwa sababu watu wamewakadiria kupita kiasi, na waliishi wakingoja siku watakapogundulika. Baadaye ikaonekana kwamba wanaume nao wanalo.

Nilipolisoma jambo hilo nilijitambua humo, na niliwatambua wenzangu. Unaingia kwenye kikao, watu wanazungumza kwa uhakika, nawe unawaza: hawa wakinijua vizuri wataniondoa. Unasifiwa kazi, moyo unakuambia walikuwa na haraka hawakuisoma. Nami nikiwa hapa mbele ya kipaza sauti, jioni hii hii, sehemu ya moyo wangu inauliza nani amenipa ruhusa ya kuzungumza na wazee.

Hapa nataka kuweka tofauti iliyo wazi. Mwaka 2017 hapa nchini Tanzania ulifanyika uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Mtu aliyeingia kazini kwa cheti kisicho chake ana sababu ya kuogopa kugundulika, maana kipo cha kugundua. Lakini kijana aliyeketi darasani, akafanya mtihani wake, akafaulu kwa jasho lake, halafu ana hofu ile ile, huyo anabeba mzigo wa kosa ambalo hakulitenda. Hajamdanganya mtu. Kutokujua bado si udanganyifu. Kusema unajua usichokijua ndio udanganyifu. Ukiweza kusema mbele ya wenzako, "Hili silijui, nifundisheni," huna cha kugundulika tena. Neno hilo ni fupi, na limenipa amani kuliko sifa zote nilizowahi kupewa kazini.

Basi, mashaka yakija, tuyaulize: mnatilia shaka nini? Yakisema, "Kazi hii haijawa nzuri, fungu la pili halijakaa sawa," hayo ni mashaka ya fundi. Tuyasikilize. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari, ikachapishwa mwaka 1963, naye tayari ni mkuu wa nchi. Nani angemtaka airudie? Aliirudia. Akaipitia upya, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri iliyosahihishwa, Juliasi Kaizari. Aliyerudi kwenye kazi yake namna hiyo ni mtu anayeiheshimu kazi, na hadhi yake haikupungua kwa kusahihisha.

Lakini mashaka yakisema, "Wewe si kitu, watu kama wewe hawakai hapa," hayo hayazungumzi juu ya kazi. Yanazungumza juu ya thamani yako, na mara nyingi hata hayakuanzia kwako. Yalipandwa.

Niseme moja kati ya yale yaliyopandwa kwa wengi wetu tuliosoma hapa Tanzania. Tangu mwaka 1967 elimu ya msingi katika shule za serikali inafundishwa kwa Kiswahili. Mtoto anasoma darasa baada ya darasa kwa lugha anayoiota. Anauliza, anabisha, anamweleza mwenzake hesabu za sehemu. Kisha anaingia kidato cha kwanza, na masomo karibu yote yanageuka kuwa Kiingereza. Mtoto yule yule, akili ile ile, likizo moja tu imepita kati, anageuka bubu. Swali lipo kichwani, halina mlango wa kutokea. Anayekohoa Kiingereza kidogo anaonekana ndiye mwenye akili. Wenzake wanajifunza kuinamisha vichwa ili mwalimu asiwaone.

Nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiinamisha kichwa. Na ninapowasikiliza wenzangu wenye shahada leo, wakisita kuzungumza kwenye usaili, wakiogopa swali la kwanza kabisa, lile la "tueleze habari zako", nasikia kidato cha kwanza. Kosa la mpangilio wa lugha tulilipokea kama kasoro ya nafsi. Tukajifunza kwamba sisi ni watu wa kunyamaza, na tukaamini hiyo ndiyo tabia yetu halisi. Wangapi kati yetu wanaojiita wapole kwa asili walikuwa waongeaji mpaka darasa la saba?

Kijana mwenzangu, chunguza mashaka yako yalianza lini na nani aliyekuwa mbele yako wakati huo. Ukipata asili yake, hayataisha siku hiyo, lakini utaacha kuyaita jina lako. Na lugha ile iliyokunyamazisha unaweza kujifunza sasa, ukiwa mtu mzima, kwa hiari yako, bila fimbo wala kicheko. Ukijifunza namna hiyo, inakuwa mali yako kama Kiarabu kilivyokuwa mali ya Siti.

Jambo lingine linalotutesa ni muda. Kizazi chetu kinaona kila siku kwenye simu mtu wa umri wetu aliyejenga, aliyefungua biashara, aliyealikwa ng'ambo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba binadamu akikosa kipimo cha wazi hujipima kwa watu wengine. Zamani watu hao walikuwa majirani, na jirani ulimwona na shida zake pia: ulisikia mtoto akilia, uliona ukuta umepasuka. Leo wa kujipimia ni maelfu, na kila mmoja tunamwona siku yake ya sherehe tu.

Tuwatazame watu katika urefu wa maisha yao. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kijana kwenda Uingereza baada ya Mapinduzi. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1987, akikaribia miaka 40. Tuzo ya Nobel ya fasihi ikamfikia mwaka 2021, akiwa na miaka 72. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alianza kazi akiwa karani wa forodha, na ukarani wa serikali aliendelea nao miaka mingi huku akiandika. Hakungoja cheo cha mwandishi ndipo aandike. Alifariki mwaka 1962, na Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilichapishwa baada ya yeye kuzikwa. Angejipima kwa vitabu vilivyokuwa vimetoka alipofikia umri wangu, angeweka kalamu chini.

Siwataji ili tujifariji kwamba sote tutakuwa mashuhuri. Wengi wetu hatutakuwa, na hakuna ubaya. Nawataja kwa sababu wanaonyesha namna mtu anavyokuwa: kwa kazi ya siku nyingi ambazo hakuna aliyepiga makofi. Muuguzi wa zahanati anakuwa muuguzi hivyo. Mama anakuwa mama hivyo. Mwalimu wa kijijini, anayejua kila mtoto amekula au hajala, amekuwa hivyo kwa miaka.

Tena hakuna anayekuwa peke yake. Kazini kwangu yupo mama mmoja mtu mzima ambaye hupitia kazi zangu. Haniambii kwamba nina kipaji. Ananiambia, "Mwanangu, hapa umejificha nyuma ya maneno makubwa. Sema ulichokiona." Kwa maneno hayo ananionyesha mahali ninapojifanya na mahali ninapokuwa mkweli, jambo ambalo nikijifungia chumbani kujitafakari silioni. Sisi huku kwetu tunasema mtu ni watu, na wakati mwingine vijana tunaisikia methali hiyo kama mzigo, kama vile watu watatumeza. Nami sasa naielewa hivi: ninahitaji macho ya wanaonipenda ili nijue nimefika wapi. Yule mtoto wa tatu anayetumwa dukani, yule mfanyakazi anayechagua maneno, yule mjukuu mcheshi wa Tanga, wote ni mimi, kila mmoja amelelewa na watu wake. Kazi yangu ni kuhakikisha hawapingani katika ukweli: kwamba nisiyoweza kuyasema kwa bibi nisiyafanye kazini, na kwamba heshima ninayompa mkurugenzi nimpe pia anayefagia ofisi.

Hicho ndicho kipimo changu cha kuwa halisi. Sauti yangu inaruhusiwa kubadilika, mavazi yanaruhusiwa kubadilika, hata mawazo yangu ya leo yanaruhusiwa kuwa tofauti na ya mwaka jana. Uaminifu wangu hauna ruhusa hiyo. Anayebadilika kwa sababu amejifunza amekua. Anayebadilika kulingana na nani anamtazama, huyo ndiye wa kujiuliza.

Kabla sijamaliza, nina ombi kwa wazazi na walezi. Tunapokuja likizo, au tunapokutana kwenye harusi na misiba, tunaulizwa: umepata kazi? Unaoa lini? Mbona mwenzako ameshajenga? Tunajua mnauliza kwa mapenzi. Lakini tuulizeni na hili: siku hizi unajifunza nini? Kijana aliyeulizwa hivyo na baba yake, au na shangazi yake, anapata ruhusa ya kuwa bado yuko njiani, na anapata mtu wa kumweleza. Tena mkitusimulia miaka yenu ya kutojua, ile kabla hamjawa hawa tunaowasalimu shikamoo, mtakuwa mmetupa urithi ambao hauuzwi.

Na kwenu vijana wenzangu, ombi langu ni la vitendo. Chagueni jambo moja mnalotaka kulijua vizuri, hata kama wenzenu wameshalijua zamani. Tafuteni mtu mmoja anayelijua, mmsogelee kwa adabu, mmwambie wazi kwamba hamjui. Kubalini kuonekana wanafunzi. Fanyeni mazoezi hata siku ambazo moyo unasema hamfai, kwa kuwa moyo wenyewe hubadilika kwa kuona mikono ikifanya. Na mkikosolewa, itengeni kauli juu ya kazi na kauli juu ya utu. Ya kwanza ipokeeni, ya pili iacheni kwa aliyeisema.

Kijana hana deni la kuwa amekamilika. Ana deni la kusema kweli juu ya alipofikia, na deni la kuendelea kujifunza. Anayelipa madeni hayo mawili tayari anaishi maisha yaliyo yake, hata kama bado hajui atakuja kuwa nani.